Buibui wa Oltepesi na Konyeza wa Diani

Kitengela,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Shangazi Soipan,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Nakuomba kwa jina la marehemu ndugu yako, baba yangu, neno hata moja la barua hii lisivuke miwani yako. Ukimaliza, ifiche ndani ya Biblia, lakini si kwenye Zaburi, maana hapo ndipo kila mgeni hufungua. Ningekupigia simu, ila wewe hupokea kwa sauti ya juu na boma zima husikiliza, hata mbuzi.

Takwenya, Shangazi. Nainamisha kichwa juu ya karatasi hii. Hapo pembeni nimechora duara dogo, ndicho kichwa changu; weka mkono wako juu yake, nihesabu kwamba umenisalimia. Hapa Kitengela hatujambo. Mama anakusalimu. Goti lake limepoa, na sasa anarudi kanisani kwa miguu na kulalamika kwamba mahubiri yamekuwa marefu.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi nilienda Oltepesi, nyumbani kwa Mzee Lemein, baba yake Nashipae. Unajua kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika cha wafugaji, nami ni karani wa chama hicho, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kumwogopa mtu mmoja mara mbili. Nilitaka jambo moja tu: aniruhusu nilete wazee wetu waje kuzungumza juu ya Nashipae. Nilivaa shati la mikono mirefu. Nilisalimia kila mtu kwa mpangilio wa umri. Kisha nikaonyeshwa pa kukaa, na kwa wasiwasi nikakaa kwingine.

Kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu karibu na ukuta. Kilikuwa cha marehemu baba yake Mzee Lemein. Hakuna aliyekikalia tangu azikwe, miaka sita sasa. Shangazi, nilijua! Kijana hakalii kigoda cha mzee. Hilo nimelijua tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Nashipae, aliyekuwa ananiletea maziwa, na mwili ukajishusha wenyewe.

Nilipopokea kikombe, kitu kikanichoma kama sindano iliyotoka motoni. Mahali fulani. Nikaruka nikapiga ukelele, na sitaki kuueleza ulikuwa ukelele wa namna gani. Maziwa yalimwagika, mengine kwenye viatu vya Mzee. Mzee Lemein akakitazama kigoda, akanitazama mimi, akasema polepole, "Baba amemkataa."

Nikasema nimepigiwa simu ya dharura kutoka ofisini, nikaondoka mbio. Nilipofika barabarani ndipo nikakumbuka kwamba simu yangu ilikuwa imebaki kwao ikichajiwa.

Nashipae ameniambia, aliponirudishia simu, kwamba Mzee atatoa neno lake baada ya Pasaka, na kwamba ikiwa ataendelea kuamini marehemu amenikataa, hakuna mzee wa ukoo wetu atakayekanyaga pale. Mimi naamini ni buibui. Niliona kitu cha kahawia chenye miguu mingi, au labda niliona hofu yangu. Wewe umekuwa muuguzi miaka thelathini. Mtu hutambuaje kama ameumwa na buibui mwenye sumu, au amefinywa na marehemu? Na je, nitakufa?

Barua hii anakuletea Mwololo, yule dereva wa lori la nyasi. Jibu lipitie kwake.

Mwanao mwenye maumivu,
Timothy Lemayian


Kajiado,
5 Februari 2025

Lemayian mwanangu,

Kichwa nimekigusa. Mlango nimeufunga, na sasa kuku wamebaki ndani pamoja nami. Huku hatujambo, mvua ndiyo inajivuta, na fahali wetu mwekundu amevunja ua wa jirani na kurudi akiwa na aibu.

Hutakufa. Ungekuwa wa kufa, Mwololo angeniletea habari, si barua.

Unaandika "mahali fulani". Mtu aliyeketi kwenye kigoda haumwi sikio. Ni makalio. Naliandika neno zima kwa sababu makalio hayo niliyapaka mafuta kabla hujajua jina lako.

Marehemu hafinyi kwa meno. Tafuta kioo ujitazame. Buibui huacha alama moja ndogo, au mbili zilizokaribiana, na wekundu kuzizunguka. Ukiona vipele vingi vimepangana kama watoto wa shule gwarideni, hao ni kunguni na ufue blanketi. Iko aina moja ya buibui wa kahawia, miguu ina mapete, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa, kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Mayai yake huyafunga kwenye vifuko vya duara vyenye miiba miiba. Hupenda mahali pakavu pasipoguswa: ndani ya viatu, vyoo vya shimo, chini ya viti. Si mchokozi. Lakini ukimkalia, afanye nini?

Osha kwa sabuni na maji. Weka kitambaa cha maji baridi dakika kumi, kitoe, rudia. Meza dawa ya maumivu. Usichanje, usifunge kamba, na usimwombe mtu anyonye sumu. Kwa mahali hapo hata sijui ungemwomba nani. Chora duara kwa kalamu kuzunguka wekundu, uandike na saa. Wekundu ukivuka duara, au ngozi ikigeuka nyeusi, au tumbo likikaza kama ubao, au misuli ikikukamata, ukatoa jasho na kukosa pumzi, nenda hospitali mbio. Usiniandikie. Barua si ambulensi.

Kuhusu Mzee Lemein, nilimfahamu nilipofanya kazi katika zahanati ya Oltepesi. Sina la kusema.

Shangazi yako,
Soipan


Kitengela,
10 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Takwenya. Mama anakusalimu. Ameniuliza kwa nini siku hizi nakula nimesimama, nikamwambia ni ushauri wa daktari kwa makarani wote.

Nimefuata maagizo yako yote, isipokuwa moja limenitesa. Jaribu wewe kuchora duara mahali usipopaona. Kalamu ya kwanza iliandika kitu kama ramani. Hivyo Alhamisi mchana, ofisi ilipokuwa tupu, nilijifungia stoo ya mafaili pamoja na kioo cha kunyolea, nikachukua kitu pekee katika ofisi hii chenye duara kamili na tarehe.

Ndiyo, Shangazi. Mhuri wa chama.

Ulikaa vizuri mara ya kwanza, kwa sababu kazi ya kupiga mihuri ninaiweza. Wakati huohuo Naliaka, karani mwenzangu, akaanza kugonga mlango. "Lemayian, uko na nini huko ndani? Mbona unahema?" Nikamwambia natafuta faili la elfu mbili na kumi na nane. "Basi likipatikana liache lipumue," akasema.

Kwa ufupi: alama ni mbili, zimekaribiana. Wekundu haukuvuka jina la chama. Ijumaa ulikuwa umerudi nyuma ya neno "Kitengela", na leo umebaki kama punje ya dengu katikati ya tarehe. Sikupata jasho wala tumbo kukaza. Ila wino ule hautoki kwa sabuni.

Kwa hiyo ni buibui. Niko na ushahidi wenye mhuri rasmi, na siwezi kumwonyesha baba mkwe. Nimemwomba Nashipae akigeuze kigoda atazame chini yake. Anasema Mzee amekataza mtu yeyote kukigusa mpaka atakapotoa neno.

Shangazi, ile "sina la kusema" yako imeninyima usingizi kuliko buibui. Mzee Lemein ana nini? Kama unajua jambo linaloweza kunisaidia, niambie.

Wako mwoga,
Lemayian


Kajiado,
13 Februari 2025

Lemayian,

Nimecheka mpaka kuku wametoka wenyewe. Mhuri wa chama hautumiki bila idhini ya mwenyekiti. Mwombe Mungu mwenyekiti wenu asiutafute.

Kidonda kinapona, usikikune.

Muuguzi hustaafu miguu na mgongo. Mdomo haustaafu. Mtu aliyeingia zahanati yangu akiwa na jambo lake, nilimtibu, na jambo likabaki palepale kitandani. Ndivyo ninavyokutunzia la kwako. Ungependa nikusimulie la mwingine, kisha wewe ulale ukiamini la kwako liko salama?

Kunywa maji. Keti taratibu.

Soipan


Kitengela,
24 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Takwenya. Samahani kwa kimya. Mvua imetufikia, na ofisi inavuja juu ya meza yangu tu. Mama amenunua gumboti za manjano na sasa anakwenda sokoni hata asipokuwa na haja.

Limetokea jambo. Chama kinakwenda semina huko Diani, kuanzia tarehe nane hadi kumi na moja Aprili. Tutakuwa tisa. Mzee Lemein anaongoza, Gideon wa kamati ya masoko yumo, na mimi naandika kumbukumbu za mikutano. Tangu Februari Mzee ameniambia maneno manne tu. "Andika." "Soma." "Futa." "Andika."

Shangazi, sijawahi kuona bahari. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Nimesoma kwamba ndani yake kuna mnyama kama jeli anayechoma watu. Kama buibui mmoja mkavu wa Oltepesi alinifanya nipige kelele zile, je, nikichomwa na kitu kilicholowa mbele ya Mzee? Nipe maagizo. Nitayanakili mara mbili.

Lemayian


Kajiado,
27 Machi 2025

Mwanangu,

Kichwa nimekigusa. Fahali mwekundu ameuzwa na jirani amekuja kutoa pole akitabasamu.

Watu wa pwani humwita mnyama huyo konyeza. Nilikutana naye mwaka niliosomea kazi Mombasa. Hana macho wala nia mbaya. Anaelea kama mfuko wa nailoni, na chini yake zinaning'inia nyuzi. Hizo ndizo zinazochoma, hata akiwa amekufa mchangani, kwa hiyo usimwokote. Alama zake utazijua: mistari mirefu iliyovimba, kama mtu aliyechapwa kwa kamba.

Mtoe mtu majini kwanza. Mwoshe kwa maji ya bahari yenyewe, si maji ya mfereji, maana maji baridi yasiyo na chumvi huamsha sumu iliyobaki kwenye ngozi. Usisugue kwa mchanga wala taulo. Nyuzi zilizonata ziondoe kwa kibano, usizishike kwa vidole. Kisha maji moto, moto kiasi ngozi inachoweza kustahimili bila kuungua. Yapime kwa kiwiko chako kwanza. Mguu ukae humo dakika ishirini, hata arobaini. Siki husaidia kwa aina fulani tu, kwa hiyo waulize wenyeji. Na atakayekuambia mkojo ni dawa, wa mtu au wa ng'ombe, mfukuze.

Pumzi ikibana, kifua kikiuma, uso ukivimba, ni hospitali.

Buibui baridi, konyeza moto. Usichanganye.

Soipan


Kitengela,
14 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Takwenya. Barua yako ya tarehe 27 niliipata asubuhi ya safari, tarehe nane. Mwololo alikuwa ameikunja na kuziba nayo dirisha la lori lisilofunga. Anakuomba radhi na anasema ilizuia upepo vizuri.

Semina ilikwenda salama. Tarehe kumi, baada ya chakula cha mchana, Mzee Lemein aliguswa na konyeza mguuni. Nilifuata maagizo yako. Akavumilia. Amepona.

Usiniulize zaidi. Mama anakusalimu.

Lemayian


Kajiado,
29 Aprili 2025

Lemayian mwanangu,

Leo nimekigusa kichwa chako kwa mikono miwili.

Jana Mzee Lemein alikuja hapa kwangu, peke yake, na fimbo yake. Alisema anapita tu, ingawa kutoka Oltepesi hakuna anayepita tu Kajiado. Akanyanyua shuka kidogo, akanionyesha mistari mitatu iliyofifia kwenye shavu la mguu. Nikamwambia imepona na rangi itakwisha. Akanywa chai ya kwanza. Akanywa ya pili. Kisha akaniuliza, akitazama mlango:

"Huyu kijana wako amekuandikia nini kuhusu Diani?"

Nikaichukua Biblia, nikaitoa barua, si kwenye Zaburi. Nikamsomea mistari ya konyeza peke yake. Nilipofika "Akavumilia", akaweka kikombe chini.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

Lemayian, mzee yule alicheka mpaka akajifuta macho kwa shuka. "Akavumilia! Mama, nilipanda mgongoni kwa Gideon! Nilikuwa nimeingia mpaka magotini tu, mimi si mtu wa maji. Kitu kikanichapa. Nikalia 'Yeyo!' Mama yangu amelala kaburini miaka ishirini na bado nilimwita, na watalii wakageuka."

"Halafu?" nikasema.

"Halafu Gideon akanitua mchangani, akasema, 'Mzee, hii dawa yake ni mkojo. Nimeiona kwa simu. Nyoosha mguu.' Gideon! Wa rika la watoto wangu! Na anafungua zipu! Kijana wako akaja akasimama katikati, anatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, akasema, 'Gideon, ukifungua hiyo zipu naandika kwa kumbukumbu za mkutano, na utazisaini.'"

"Akafunga?"

"Alifunga mpaka shati likaingia kwa zipu."

Ameniambia jinsi ulivyomwagia maji ya bahari kwa kofia yako, ukakimbia kwa mpishi wa hoteli kuomba kibano na ndoo ya maji moto, ukachovya kiwiko, ukaongeza, ukachovya tena, kisha ukapiga magoti ukishika saa kwa dakika arobaini bila kumtazama usoni. Alipokuambia, "Hii ni yetu sisi," ulimjibu, "Mzee, mimi sikuona kitu. Nilikuwa nashika ndoo."

Kisha akasema: "Mama Soipan, nililia kama mtoto, na hakuna marehemu aliyenifinya. Ni mdudu tu. Basi nilipofika nyumbani nikaenda kukigeuza kigoda cha baba."

"Ukakuta nini?"

"Buibui wa kahawia, na rangi ya chungwa tumboni. Na vifuko vya mayai vinne, vyenye miiba. Baba hakumkataa mtu. Baba alikuwa anafuga."

Wazee wetu waje, anasema. Siku ameiacha uipange wewe.

Alipofika langoni akarudi hatua mbili. "Na umwambie kijana ile ya sindano. Nakupa ruhusa." Basi nakuambia, kwa ruhusa. Mwaka 2003 alikuja zahanati na kidonda cha msumari, akiwa na rungu na vijana wawili wa kumsindikiza. Nilipotoa sindano ya pepopunda kwenye kifuniko chake alianguka chini kabla sijamgusa. Vijana niliwaambia alikuwa na njaa. Miaka ishirini na miwili nimekaa nayo.

Ulipoandika "Akavumilia" nilijua wewe ni wa damu yangu.

Soipan


Kitengela,
5 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Takwenya, na ashe oleng, asante sana.

Nimesoma barua yako nimesimama, si kwa maumivu, ila miguu ilikataa kukunjika. Mama amevaa gumboti zake za manjano ndani ya nyumba. Naliaka amenipongeza, kisha akauliza kwa nini rejista ya mhuri ina mstari wa tarehe 6 Februari usio na barua. Nimeandika "Majaribio". Hilo, Shangazi, libaki kwenye Biblia mpaka tuzeeke wote.

Siku ni Jumamosi, tarehe kumi na saba Mei. Mwololo atakuchukua asubuhi na wazee watatu, na ameahidi kuosha lori. Mtapita Isinya, mkunje kuelekea Kiserian, kisha mshuke na barabara ya Magadi. Mkifika Oltepesi pitieni zahanati yako ya zamani. Wameipaka rangi ya bluu, usiipite ukidhani si yenyewe. Baada yake kuna njia ya mawe upande wa kushoto, na duka la Abdijabar, yule anayeuza unga na miswaki. Mwambie umetoka kwangu, atakuonyesha.

Ukiuliza nyumba ya Lemein watakuuliza Lemein yupi, maana wako watatu. Uliza ya yule aliyemwita mama yake baharini. Siri niliyoibana mwezi mzima, na ambayo ilinifanya nizungumze na Nashipae kuhusu hali ya hewa tu, Mzee ameisimulia mwenyewe kanisani Jumapili, na kumwonyesha mchungaji mguu.

Nitakuwa nimesimama langoni kuanzia saa nne, na shati la mikono mirefu. Ukinihitaji kabla ya hapo, nambari yangu ni ileile. Ila kwanza toa simu kwenye sauti ya juu na uwaondoe mbuzi. Kama sishiki, tuma neno kwa Mwololo, na mwambie hii si ya dirisha.

Kigoda kimeoshwa na kuanikwa juani siku tatu. Kitakuwa palepale ukutani, na hakuna atakayekikalia. Wewe utawekewa kiti cha mbao chenye mto. Ni kipya, nimekichunguza mwenyewe.

Hata hivyo, Shangazi, kigeuze kwanza.

Mwanao,
Timothy Lemayian